Zimwi Likujualo: Maoni ya Watazamaji wa Filamu za Kutisha Huko Junda na Istilahi za Uhakiki

1. Utangulizi

Makala haya yanahusu jambo ambalo huenda likaonekana dogo machoni pa baadhi ya wasomaji wa jarida hili, nalo ni maneno ambayo watazamaji wa kawaida huyatumia wanapotoa maoni yao juu ya filamu za kutisha zitazamwazo majumbani. Watazamaji ninaowakusudia ni wa Junda, katika eneo la Kisauni, upande wa bara ya kaskazini ya Mombasa, ng'ambo ya daraja la Nyali. Filamu ninazozikusudia ni zile zilizotengenezwa Tanzania tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kuuzwa moja kwa moja kwa ajili ya kutazamwa nyumbani, hasa Nsyuka na Shumileta (2005), zote mbili zilizoongozwa na Mussa Banzi. Filamu hizi zilipata wafuasi wao, watu wanaozirudia tena na tena na kuzijadili kama wengine wanavyojadili mashairi.

Sina budi kueleza kilichonifanya niandike. Niliporejea kutoka ng'ambo nilikokuwa nikisomea shahada ya pili, nilisahihisha insha ya mwanafunzi mmoja aliyehakiki filamu ya kutisha. Mwanafunzi huyo aliandika: "Picha hii yashtua lakini haitishi." Nikaipigia sentensi hiyo mstari mwekundu. Pembeni nikaandika kwamba anajipinga mwenyewe, na kwamba alipaswa kutumia istilahi ya uhakiki, yaani taharuki. Nikampunguzia alama. Miezi kadhaa baadaye nilikuwa Junda, nimeketi sebuleni kwa jamaa zangu tukitazama filamu, nikamsikia mama mmoja akitoa hukumu ile ile karibu kwa maneno yale yale. Hakuna aliyemwuliza maana yake. Waliokuwapo wakaafiki, au wakabisha, lakini wote walijua anabisha nini na nani. Mtu pekee ambaye hakuelewa mle chumbani ni mwalimu wa Kiswahili.

Ninalokusudia kulionyesha ni kwamba hukumu ile haikuwa na mgongano wowote, bali ilijengwa juu ya tofauti za maana ambazo sarufi ya Kiswahili yenyewe inazithibitisha, na ambazo istilahi zetu za darasani hazijazipatia nafasi.

2. Filamu Iingiapo Nyumbani

Kabla ya kuyachambua maneno yenyewe, yafaa tutazame mahali yanapotamkwa. Katika jumba la sinema mtazamaji hana mamlaka juu ya picha. Giza limemzunguka, na mashine haimsubiri. Nyumbani mambo ni mengine. Rimoti i mkononi mwa mtu, taa inaweza kuwashwa, na tukio lililozua ubishi hurudishwa nyuma likatazamwa upya. Zaidi ya hayo, sidii ya video ilichukua takriban dakika 74 tu. Kwa hiyo filamu ndefu iligawanywa katika sidii mbili, na watengenezaji wa Tanzania wakazoea kuuza kisa kimoja kwa sehemu ya kwanza na ya pili. Pale sidii ilipobadilishwa katika deki, hofu ilikatika na mazungumzo yakaanza. Naona kwamba kipindi kile kifupi ndicho kilichokuwa baraza ya uhakiki.

Uuzaji wa filamu za kutisha bila ya kupitia majumba ya sinema haukuanzia kwetu. Nchini Nigeria, Living in Bondage ya mwaka 1992, kisa cha mtu amtoaye mkewe kafara ili apate utajiri na kisha akaandamwa na mzuka wake, ilisambazwa kwa kanda za video, na ikafungua njia kwa biashara kubwa iliyofika hadi pwani yetu. Huko Uingereza nako, kanda za filamu kama The Evil Dead (1981), kazi ya Sam Raimi, zilizusha mjadala mkali uliochangia kutungwa kwa sheria ya kanda za video ya mwaka 1984. Hoja iliyowashughulisha watu ni kwamba mlango wa sinema una mlinzi, bali mlango wa sebule hauna.

Kwetu Kenya, sheria ya filamu na michezo ya jukwaani ya mwaka 1962 iliweka utaratibu wa kukagua filamu kabla ya kuonyeshwa hadharani. Lakini ndani ya nyumba mkaguzi ni mzazi, na chombo chake cha ukaguzi ni kitenzi. Hapo ndipo tunapoingia katika kiini cha mada.

3. Vitenzi vya Hofu

Katika mazungumzo niliyoyasikiliza, vitenzi vitatu hutawala: -shtua, -tisha na -ogofya. Kwa haraka mtu angevidhania kuwa visawe. Hebu tuvipime kwa sentensi.

Kwanza, -shtua. Kitenzi hiki kina mwenziwe -shtuka, kama -zindua na -zinduka, au -pasua na -pasuka. Hutaja tukio la ghafla lenye mwanzo na mwisho. Huwezi kusema: "Alinishtua lakini sikushtuka," kwa kuwa kama hukushtuka basi hukushtuliwa. Tena, -shtuka hakichukui yambwa: hatusemi "namshtuka jini". Mlango ukigongwa kwa kishindo utakushtua hata kama aliyeugonga ni mwanao. Kwa hiyo filamu "inayoshtua" ni ile itegemeayo kelele na kutokeza kwa ghafla. Ni sifa, lakini ni sifa ndogo.

Pili, -tisha. Sentensi "Alinitisha lakini sikutishika" ni sahihi kabisa, na husemwa kila siku. Maana yake ni kwamba kitenzi hiki hakitaji matokeo, bali hutaja kitisho chenyewe, yaani dhara linaloelekezwa kwa mtu. Basi msemaji akisema kwamba picha "yashtua lakini haitishi", anaeleza kuwa vishindo vimo ila hakuna dhara linalomkabili mhusika wala mtazamaji. Kisa hakina uzito. Hii ni hukumu juu ya muundo wa kisa, wala si kujirudia.

Tatu, -ogofya. Hiki ni kauli ya kutendesha ya -ogopa, ambapo p imegeuka f, kama vile w inavyogeuka v katika -lewa na -levya. Tofauti na -shtuka, kitenzi -ogopa hupenda yambwa: namwogopa jini, naiogopa nyumba ile. Tena hofu hii hudumu. Mtu anaweza kusema "bado namwogopa" siku tatu baada ya filamu kwisha, lakini hasemi "bado nashtuka" kwa tukio lililopita. Kwa hiyo kuogofya ni kumwachia mtazamaji kitu cha kuogopa baada ya deki kuzimwa.

Natija yake sebuleni ni dhahiri. Picha ikishtua tu, watoto huachwa watazame na kucheka. Ikitisha, husogezwa karibu na wakubwa. Mzazi akisema kwamba "yaogofya", basi watoto huambiwa waende wakalale, na wakati mwingine picha huzimwa. Ngazi hii ya hukumu haikuandikwa popote, lakini inafanya kazi ambayo sheria haifiki kuifanya.

Kuna na semi ambazo mtazamaji hajifanyi kiima chake: "mwili ulinisisimka", "nywele zilinisimama". Hapa kiima ni mwili au nywele, na mtu mwenyewe amegeuka mtendwa. Sarufi inakiri kwamba hofu imempita uwezo. Ikumbukwe pia -cha, kitenzi cha kale kilichobaki katika "mcha Mungu", ambacho ni hofu yenye taadhima. Sikupata kukisikia kikitumika kwa jini yeyote wa filamu, na nadhani kutokuwapo kwake kuna maana vile vile.

Sasa tukilinganisha utajiri huu na istilahi yetu ya taharuki, ambayo kwa mazoea huelezwa kuwa hali ya kumtia msomaji hamu ya kujua litakalofuata, twaona kwamba taharuki ni hamu na wala si hofu. Kuitumia kwa yote mawili ni kukifunika chungu kwa kawa la sufuria.

4. Jini Huyu au Jini Hili?

Suala la pili ni majina ya viumbe na upatanisho wake. Vitabu vya sarufi hutufunza kwamba nomino za viumbe hai, hata zikiwa na umbo la ngeli nyingine, huchukua upatanisho wa a-/wa-: jini huyu amekuja. Hata hivyo methali isemayo "Zimwi likujualo halikuli likakwisha" haikufuata kanuni hiyo, na hakuna Mswahili aisahihishaye. Kwa kawaida hali hii huelezwa kuwa ni ukubwa au dharau. Maoni ya watazamaji yanatuonyesha matumizi ya tatu. Jini wa kike katika filamu kama Shumileta, anapopendeza na kusema na watu, huitwa "huyu". Anapodhihirisha asili yake, mtazamaji huyo huyo humwita "hili". Upatanisho umehamishwa kwa sababu kiumbe amehama, ametoka katika jamaa ya watu. Na akipoteza hadhi kwa uigizaji dhaifu, husikika: "Hili nalo jini? Si mtu kapakwa unga!" Sauti na muktadha ndivyo hutenga kitisho na kejeli.

Aidha, kila jina huja na masharti yake. Jini wa pwani ana desturi zinazojulikana: huvutwa na manukato, hukimbia kisomo, na miguu yake haikosi ila. Ndiyo maana watazamaji wa Junda, mwanamke mgeni anapotokea katika filamu, humtazama miguu kabla ya uso. Pepo hupandwa na hupungwa. Mzuka, kama kitenzi -zuka kinavyodokeza, hutokeza tu. Wenzetu Wamijikenda wana koma, ambao ni wazee waliotangulia, na koma wana madai ya haki kwa walio hai. Neno Nsyuka lenyewe latoka katika Kinyakyusa, na mtazamaji wa pwani hana budi kumtafutia kiumbe huyo mahali miongoni mwa hao awajuao.

Ugumu huu huonekana zaidi katika tafsiri. Tanzania ilikuwa na wasimulizi wa filamu kama Lufufu, na Kenya inaye DJ Afro, wanaosimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti za asili. Msimulizi akikutana na mfu mnyonya damu wa Ulaya, atamwitaje? Akisema "jini", watazamaji watangojea kisomo kimfukuze. Akisema "mumiani", ataamsha kumbukumbu za uvumi wa enzi ya ukoloni, ambao Luise White aliuchunguza katika kitabu chake cha mwaka 2000. Lakini mumiani wa uvumi ule alikuwa ni binadamu hai anayeajiriwa kukusanya damu, wala hakuwa mfu aliyefufuka. Hapana jina lisilo na gharama.

5. Nadharia na Mkeka

Nilipokuwa ng'ambo nilifunzwa nadharia ya Noël Carroll, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1990 alieleza kuwa zimwi la fasihi ya kutisha ni kiumbe ambacho sayansi ya leo haikubali kuwapo kwake, na ambacho hutia hofu pamoja na kinyaa kwa kuvuruga mipaka ya maumbile. Ni nadharia makini. Lakini sharti lake la kwanza halisimami juu ya mkeka wa Junda. Mwislamu anayetazama Shumileta anajua kwamba majini wametajwa katika Kurani, na kwamba sura ya 72 imeitwa kwa jina lao. Jirani yake Mkristo huenda amehudhuria ibada ambamo mapepo hukemewa. Kwao swali si kama kiumbe kile kipo au hakipo. Swali ni kama filamu imemwonyesha kama alivyo.

Kwa sababu hiyo kigezo chao kikuu ni uaminifu kwa ada ya kiumbe. Jini asiyejali kisomo, bila ya kisa kueleza kwa nini, huhesabiwa kuwa kosa la mtungaji, kama vile mshairi avunjaye mizani. Hapa methali yetu inapata maana mpya: zimwi wanalolijua ndilo wanaloweza kulihukumu. Hata kanuni maarufu ya mashabiki kwamba "steringi hafi" hupimwa hapa. Katika filamu za mapigano kanuni hiyo huwaliwaza watazamaji. Katika filamu za kutisha, kuivunja ndiko kunakogeuza -shtua kuwa -ogofya.

6. Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba maoni ya watazamaji hawa yana mfumo. Yana vitenzi vinavyotenga aina za hofu, yana upatanisho unaobainisha hadhi ya kiumbe, na yana kigezo cha ubora. Napendekeza mambo mawili. La kwanza, -shtua, -tisha na -ogofya viingizwe katika ufundishaji wa uhakiki kama istilahi zilizofafanuliwa, bila ya kuiondoa taharuki mahali pake. La pili, watungaji wa istilahi wapite kwanza sebuleni na vibandani kabla ya kufungua kamusi za kigeni. Wengine watasema kwamba maneno ya kila siku hayana uthabiti wa kitaalamu. Nami ningewauliza: je, sentensi "alinishtua lakini sikushtuka" yakubalika kwa Mswahili yeyote? Uthabiti huo haukutoka katika kamati.

Nilimtafuta yule mwanafunzi ili nimrudishie alama zake, lakini alikuwa amekwisha hitimu. Insha yake ninayo bado, na mstari wangu mwekundu umo. Kila mwaka huwasomea wanafunzi wapya sentensi ile, nikawataka waniambie kosa liko wapi. Wanaotoka Kisauni na Likoni hujibu upesi kuwa hawalioni.