Kuhamia Tanga: Kodi Nafuu, Ardhi kwa Tahadhari

Mkenya anayetafuta mji wa pwani wenye utulivu na gharama nafuu hahitaji kwenda mbali: akivuka mpaka wa Lungalunga na Horohoro, barabara ya lami humfikisha Tanga. Kabla ya kuhama, tunashauri mambo matatu yazingatiwe.

Kwanza, kodi. Wenye nyumba wengi nchini Tanzania hudai kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa pamoja, na dalali naye hudai ujira wake, aghalabu sawa na kodi ya mwezi mmoja. Usilipe chochote kabla ya kuiona nyumba na kusoma mkataba.

Pili, vibali. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika mwaka 2010, inampa raia wa nchi mwanachama haki ya kuingia bila viza. Hata hivyo, haimwondolei wajibu wa kuomba vibali vya kazi na ukaazi.

Tatu, ardhi. Hapa ndipo akiba ya miaka mingi huweza kupotea. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 hairuhusu asiye raia kumilikishwa ardhi, isipokuwa kwa uwekezaji ulioidhinishwa. Anayenunua kiwanja kwa jina la rafiki humwachia rafiki huyo hati. Naye akifariki, warithi wake ndio watakaotambuliwa.

Kwa hiyo, anza kwa kupanga nyumba, uishi humo mwaka mmoja, wala usiuze ya kwenu kabla ya kuujua mji.