Gugumaji la Homa Bay na Chakula Kinacholilisha

Ua la gugumaji lapendeza mno: zambarau hafifu, lenye doa la manjano kwenye petali ya juu. Kwa uzuri huo watu walilitoa bonde la Amazon, Amerika ya Kusini, wakalieneza duniani kuwa pambo la vidimbwi na bustani. Katika Ziwa Viktoria lilionekana mwishoni mwa miaka ya 1980. Kufikia mwaka 1998 lilikuwa limefunika takriban hekta 17,000 upande wa Kenya, nyingi zikiwa katika Ghuba ya Winam. Huko Homa Bay mashua zilishindwa kufika gatini, na kina mama wanaoishi kwa kununua na kuanika omena wakapungukiwa na riziki.

Wengi hulilaani gugu lenyewe. Sisi twaona lawama hiyo ni nusu ya habari.

Mwenye kufuga samaki wa mapambo katika tangi la kioo lenye mimea aijua nusu ya pili. Mmea wa majini hukua kwa mwanga, hewa ya kaboni na virutubishi, hasa nitrojeni na fosforasi. Chakula cha samaki kikizidi, mabaki huoza, virutubishi hupanda, na maji hugeuka kijani kwa mwani. Basi mfugaji hupunguza chakula, hubadilisha sehemu ya maji kila juma, tena hupogoa majani na kuyatoa nje. Majani hayo yamebeba virutubishi. Yakiachwa yaoze humo humo, hurudisha majini kila yalichokinyonya.

Ghuba ya Winam ni tangi kubwa lisilo na wa kulibadilishia maji. Kina chake ni kifupi, na mlango wake wa kutokea ziwa kuu, karibu na Mbita na kisiwa cha Rusinga, ni mwembamba. Mito huleta udongo na mbolea za mashambani, miji huleta maji taka, na vizimba vya ngege huacha mabaki ya chakula. Migori ina nafuu kidogo, kwa kuwa mto Kuja humwaga maji yake katika ziwa la wazi, penye mawimbi. Lakini nao huteremka kutoka nyanda za Kisii ukiwa na udongo mwekundu wa mashamba ya watu.

Mwaka 1997 wataalamu waliachilia fukusi walao gugu hilo. Fukusi hao, pamoja na mvua za El Niño, walilipunguza sana. Likarudi baadaye, maana mbegu zake huishi miaka mingi katika tope, na chakula chake hakikuwa kimepungua. Chini ya majani yake hujificha konokono wabebao kichocho, na anayeingia hapo kwanza ni mama au mtoto mwenye ndoo, atafutaye maji ya kupikia na kutawadhia.

Kina mama huambiwa wasifulie ziwani. Ni shauri jema, ila tusiwatwike mzigo wote: sehemu kubwa hutoka mashambani na katika mabomba ya miji. Ukanda wa nyasi na miti kando ya mto huzuia mengi. Na gugu likivunwa, lichukuliwe mbali likawe mbolea ya shamba. Likirundikwa ufuoni, mvua ya kwanza hulirudishia ziwa chakula chake.

Nawe msomaji wa Pwani mwenye tangi sebuleni, majani unayopogoa yafukie bustanini, usiyatupe mtaroni wala mtoni.