REHANI NA NYUMBA ZA MNADA: YAPASAYO MFANYAKAZI KUYAJUA



Magazetini hutokea kila mara matangazo ya nyumba na viwanja vitakavyopigwa mnada kwa sababu wenyewe wameshindwa kulipa deni la benki. Wenzetu wa viwandani Mbarara na wa mashamba ya chai huuliza maswali mawili. Wa kwanza asema: "Nina nyumba, nimekopa, je, wanaweza kunitoa?" Wa pili asema: "Nimeweka akiba, je, ninunue hiyo ya mnada, maana ni rahisi?" Maswali haya ni ndugu, kwa kuwa nyumba anayoinunua wa pili ndiyo aliyoipoteza wa kwanza. Tuyajibu yote mawili.

REHANI NI NINI

Rehani ni kukopa fedha na kuweka ardhi au nyumba kuwa dhamana. Nyumba hubaki yako na unakaa ndani, lakini haki ya mkopeshaji huandikwa katika daftari la ardhi la serikali. Ukimaliza deni, rehani hufutwa. Ukishindwa, mkopeshaji ana haki ya kuiuza ili apate fedha zake.

Kabla ya kutia sahihi, piga hesabu. Tuseme umekopa shilingi 40,000,000 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, ulipe kwa miaka 15. Kila mwezi utalipa kama shilingi 644,000. Mwezi wa kwanza, shilingi 600,000 katika hizo ni riba tupu. Deni lenyewe hupungua kwa shilingi 44,000 tu. Mpaka mwisho utakuwa umelipa karibu shilingi milioni 116. Ndiyo maana mtu aweza kulipa miaka mitatu bila kukosa, akaenda kuuliza salio, akashangaa kuona deni halijashuka sana. Hajaibiwa, ndivyo riba inavyofanya kazi. Basi ukipata fedha za ziada, uliza kama waweza kupunguza deni lenyewe mapema, na kama kuna faini kwa kufanya hivyo.

UKISHINDWA KULIPA

Benki haiwezi kuamka asubuhi ikauza nyumba yako. Sheria ya Rehani ya mwaka 2009 na Kanuni zake za mwaka 2012 zimeweka hatua:

1. Kwanza upewe barua ya kukujulisha kuwa umekosa kulipa, na upewe siku 45 za kazi za kurekebisha.

2. Usiporekebisha, upewe taarifa ya kuuza, nayo ina siku 21 za kazi.

3. Mali ikaguliwe na mthamini, na hesabu yake isiwe imepita miezi sita kabla ya mauzo.

4. Mnada utangazwe katika gazeti linalosomwa sana, na siku ya mnada isiwe chini ya siku 30 tangu tangazo la kwanza.

5. Mkopeshaji ana wajibu wa kutafuta bei nzuri. Nyumba ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya bei ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, ni juu yake kueleza kwa nini.

Kabla mauzo hayajakamilika, bado una haki ya kulipa deni lote na kuikomboa mali yako. Mahakama pia inaweza kuahirisha mnada, ikiwa mdaiwa ataweka asilimia 30 ya deni lililobaki au ya bei ya kulazimisha mauzo. Fedha hizo ni nyingi kwa mtu wa mshahara. Kwa hiyo dawa ni kwenda benki mwezi ule ule kazi inapopungua, uombe kupangiwa malipo upya. Usiifiche barua chini ya godoro. Siku huhesabiwa hata kama hukuisoma.

Jambo jingine: nyumba wanamoishi mume na mke haiwezi kuwekwa rehani bila idhini ya mwenzi. Mama asikubali kutia sahihi karatasi asiyosomewa.

KUNUNUA NYUMBA YA MNADA

Bei hushuka kwa sababu muuzaji ana haraka na mnunuzi anabeba hatari. Kabla hujatoa hata shilingi moja, fanya haya:

Nenda ofisi ya ardhi ya Mbarara, uombe kuangaliziwa hati katika daftari. Tazama jina la mwenyewe, rehani zilizoandikwa, na kama kuna mtu aliyeweka zuio.

Nenda mahali penyewe mchana. Zungumza na majirani na mwenyekiti wa kijiji. Uliza nani anakaa humo, mipaka iko wapi, na kama kuna kesi. Hati inaweza kuwa safi na bado ndani mkawa na mjane na watoto, au mpangaji aliyelipa mwaka mzima. Kuwatoa watu bila amri ya mahakama ni kosa.

Uliza kama barua zote tulizozitaja zilitolewa. Mnunuzi wa haki hulindwa na sheria, lakini anayejua udanganyifu akanyamaza halindwi.

Lipa kwa benki, kwa risiti, wala usimpe dalali fedha mkononi. Tafuta wakili wako mwenyewe, asiwe wa muuzaji.

HABARI YA NAKIVALE

Makazi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro, yamepokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo wengi wa huko hufanya kazi pamoja nasi. Ni lazima tuseme wazi: kiwanja anachopewa mkimbizi makazini ni cha kutumia tu. Kanuni za Wakimbizi za mwaka 2010 zinamruhusu kulima na kulisha mifugo, lakini hana haki ya kukiuza wala kukikodisha. Kwa hiyo hakiwezi kuwa dhamana ya rehani, na hakuna mnada halali wa kiwanja hicho. Anayekuuzia, hata akileta karatasi yenye muhuri na mashahidi watano, anakuuzia hewa.

Nje ya makazi, asiye raia hawezi kumiliki ardhi moja kwa moja. Anaweza kupata ardhi ya kukodi kwa mkataba usiozidi miaka 99. Ndugu zetu wa Kongo, Burundi na Somalia wasidanganywe katika jambo hili.

MKOPESHAJI WA MTAANI

Wako wakopeshaji wasiokuandikia rehani. Unataka mkopo wa shilingi milioni mbili, wao wanakuletea mkataba wa kuuza kiwanja, utie sahihi kana kwamba umekwisha kuuza. Siku ukichelewa, wanasema: "Wewe ulituuzia." Namna hii hukunyima siku 45, siku 21, tangazo na mthamini, yaani kinga yako yote. Karatasi ikisema "mauzo" nawe umekuja kukopa, rudisha kalamu mezani, uondoke.

Mwenye barua ya benki au mkataba asioelewa aulete kwa katibu wa tawi kabla ya kutia sahihi. Tutausoma pamoja, na palipo pazito tutamtafuta wakili. Ukiisha kutia sahihi kazi huwa ngumu zaidi, lakini hata hapo njoo. Siku zilizobaki ni mali.