Dawa Bila Malipo, Nauli ya Watu Wawili

Familia yenye mgonjwa wa akili wilayani Karagwe au Kyerwa huanza hesabu na nauli, si bei ya vidonge. Kwa sera ya nchi, magonjwa ya akili yamo kwenye msamaha wa matibabu katika vituo vya umma, pamoja na kifua kikuu na UKIMWI. Ila mgonjwa haendi kliniki peke yake. Nauli ni ya watu wawili, kwenda na kurudi, na siku nzima ya shamba imepotea. Tena dawa zikiwa zimekwisha dirishani, msamaha hauna kazi: mnaelekezwa duka la dawa.

Janga huivuruga hesabu hii. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa Machi 16, 2020. Tanzania haikuwafungia watu ndani, lakini foleni ya hospitali iliogopwa, na nyungu ilifukizwa nyumbani. Mwenye mafua anaweza kungoja. Anayechomwa sindano ya kila mwezi ya saikosisi akiruka zamu, maradhi yanaweza kumrudia, na hapo nauli ya kliniki inageuka gari la kukodi usiku na vijana wa kumshika. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani liliuliza nchi 130. Asilimia 93 zilisema huduma zao za afya ya akili ziliyumba au zilisimama.

Njia ya nauli ndogo kabisa ni zahanati ya kijiji au kituo cha afya cha kata. Usitarajie daktari wa akili pale, na dawa ni chache. Inafaa kwa aliyekwisha kupimwa na kupangiwa dozi. Nyakahanga, hospitali ya KKKT, ni mbali kwa mtu wa Kyerwa ya ndani, na kwa kuwa ni ya kanisa, uliza mapema lipi linalipiwa.

Bukoba kuna hospitali ya rufaa ya mkoa, na lami ya Kyaka hadi Bugene, kilomita 59, imepunguza adha ya safari. Lakini Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulizuka Bukoba Vijijini, watu 9 wakaugua na 6 wakafa. Wakati kama ule, mgonjwa aliyetulia na mwenye dawa ya kutosha nisingemsafirisha. Kwa wa Murongo, Mbarara ni karibu kuliko Bukoba, ila Uganda ilifunga mipaka kwa abiria Machi 2020. Njia inayotegemea mpaka isiwe ya pekee. Hospitali za Bugando na Mirembe ni za rufaa, usizikimbilie kabla ya kuandikiwa.

Kadi ya bima ya CHF iliyoboreshwa, miaka ile ya korona, ilikuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu 6 kwa mwaka. Bei nzuri, lakini hakuna kadi inayolipa bodaboda.

Mganga wa kienyeji anaonekana nafuu kwa kuwa yuko jirani na hukubali kulipwa kidogo kidogo. Leo kuku, mwezi ujao mbuzi, na risiti hakuna. Anayetaka dua na aombewe; asiache dawa. Anayefunga watu kamba, muondokeeni siku hiyohiyo.

Ningekuwa na fedha ya safari moja tu, ningeitumia kwenye hospitali kubwa mara ya kwanza, niondoke na karatasi yenye majina ya dawa na dozi, halafu niendelee zahanati. Ningechukua pia namba ya simu ya muuguzi: vocha ni nafuu kuliko nauli. Mgonjwa akiwa ametulia, ombeni dawa ya miezi miwili au mitatu, kama wanavyopewa wengi wa ARV. Katika nyumba ambayo mtu amewahi kutamka kujiua, dawa hiyo ikae kwa shangazi au jirani, na mgonjwa apewe ya siku chache chache: dawa kama amitriptilini ikimezwa nyingi kwa mkupuo inaua.