Maseko na Gama (4): Hila Iliyomponza Mputa

Maadhimisho ya Majimaji ya Februari 27 yamepita Songea, na hotuba zimesifu tena umoja wa Wangoni. Umoja upi? Boma la Wajerumani lilipojengwa mwaka 1897, Wangoni walikuwa na milki mbili zisizoaminiana, Njelu na Mshope, mazao ya ugomvi wa warithi. Wa kwanza kulipanda pando hilo ni Mputa, kiongozi wa Wangoni wa Maseko.

Tuliishia pale alipowapokea Zulu Gama na watu wake, waliotoka Ufipa baada ya kifo cha kiongozi wao Zwangendaba. Mputa alikuwa na jeshi, ng'ombe na wenyeji Wandendeule waliomtii. Alichokosa ni subira. Masimulizi yanasema alimwua kwa hila mmoja wa viongozi wa wageni hao, akidhani wafuasi watatawanyika. Badala yake wakamgeuka, na miaka ya 1860 Wamaseko wakafukuzwa hadi ng'ambo ya Ruvuma. Mputa hakufika mbali. Nduguye Chidiaonga ndiye aliyewaongoza hadi kusini mwa Malawi ya leo. Kundi jingine lililotoka Undendeule likaishia Kilombero, likaitwa Wambunga, nalo likawa tishio kwa majirani. Tamaa ya mtu mmoja, majeshi matatu!

Washindi nao wakageukia magharibi, wakavamia Umatengo hadi ufuko wa Ziwa Nyasa. Wamatengo wakabanana milimani, pande za Litembo, kwenye miteremko ambayo mvua ingeukomba udongo wote kwa misimu michache. Ndipo ngolo, kilimo chao cha mashimo na matuta, ilipositawi, na hapa mhariri anivumilie nikieleza inavyofanyika.

Mwishoni mwa masika wanaume hufyeka nyasi, huziacha zikauke, kisha huzilaza kwa mistari inayokatizana mpaka shamba liwe miraba mitupu. Wanawake huchimba katikati ya kila mraba na kufukia nyasi kwa udongo huo. Hubaki mashimo yaliyozungukwa na matuta: maji hutuama shimoni, nyasi huoza na kurutubisha, maharage hupandwa juu ya tuta, mahindi hufuata msimu mwingine. Hakuna mvamizi aliyekusudia kuwapa Wamatengo kilimo kinachodumu kuliko milki yake.

Wanaogombea uongozi wa vyama vyetu vya kahawa Mbinga, wanaoanza kwa kumng'oa mwenzao kabla hata ya kuhesabu kura, wamsome Mputa. Nafasi imekwisha, ila nasisitiza: shule za Mbinga na Nyasa ziwe na shamba la ngolo, na wavulana wachimbe pia. Kazi hiyo imewaelemea mama zao vya kutosha.