MAFUTA YA MIDOMO: TUCHAGUE YAPI, TUYATUMIE VIPI?

Sifa zote njema zinamstahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na maswahaba zake.

Ndugu wanafunzi, kila ufikapo mwezi wa Ramadhani tunaulizwa: je, aliyefunga anaweza kupaka mafuta kwenye midomo iliyokauka? Wengi huogopa kuharibu funga, basi huacha kupaka na badala yake huilamba midomo mchana kutwa, mpaka ikapasuka na kutoka damu. Tumeona ni vyema tulieleze jambo hili.

Kwa nini midomo hukauka?

Ngozi ya midomo ni nyembamba, na haina jasho wala mafuta ya asili ya kutosha kuilinda. Jua, upepo na upungufu wa maji mwilini huikausha upesi. Kulamba huzidisha tatizo, kwani mate yanapokauka huondoka na unyevu wa ngozi, na vimeng'enya vyake vya kusagia chakula huiwasha.

Hukumu yake kwa aliyefunga

Katika madhehebu ya Imamu Shafii, kupaka mafuta juu ya midomo hakubatilishi funga maadamu hujameza kitu. Lakini mate yakishatoka nje ya kinywa yakawa juu ya mdomo, kisha mtu akayarudisha kwa ulimi na kuyameza makusudi, funga hubatilika. Basi mwenye kuacha mafuta akashika kulamba, amekimbia lisilo na dhara akaangukia lenye dhara!

Namna ya kuchagua

(a) Mafuta ya mgando yasiyo na manukato yanatosha, na bei yake ni nafuu. Yenye nta ya nyuki pia ni mazuri.

(b) Epuka yenye kafuri, mentholi, harufu au ladha ya matunda. Yale ya kuwasha huzidisha ukavu, na yenye ladha humvuta mtu kulamba.

(c) Wanaoshinda juani, na hasa ndugu zetu wenye ualbino, watafute yenye kinga ya jua, yaani yaliyoandikwa SPF 30 au zaidi. Saratani ya mdomo inayoletwa na jua si jambo la mzaha.

Namna ya kutumia

1. Paka kidogo kwa kidole safi, hasa kabla ya kulala na baada ya daku.

2. Kumbuka udhu. Sehemu ya midomo inayoonekana ukifumba kinywa ni katika uso, nayo ni wajibu kuoshwa. Alama ya mafuta mepesi haidhuru, lakini tabaka zito la nta linalozuia maji kufika kwenye ngozi lifutwe kwanza.

3. Usiazimane kijiti cha mafuta na mwenzako, kwani virusi vya malengelenge ya mdomo huambukizwa kwa njia hiyo.

4. Aliyehirimia Hija au Umra asipake yenye manukato.

5. Usibandue magamba kwa meno. Kunywa maji ya kutosha baina ya futari na daku.

Ikiwa pembe za mdomo zimechanika, au kidonda hakiponi kwa wiki 2 au 3, nenda hospitali, kwani huenda ni fangasi, upungufu wa vitamini au maradhi mengine.

Mwili ni amana, tutaulizwa juu yake. Tunamwomba Allah (S.W.) atupe afya njema na azikubali funga zetu. Aamin.