Unga wa Gundi: Hatua Ndogo Inayodumisha Nembo Kwenye Sare

Nembo ya shule inayobanduka baada ya sare kufuliwa mara mbili humtia mzazi hasara na kumvunjia heshima aliyeichapa. Iwapo mchapaji ni kikundi kilichopata mkopo usio na riba utokanao na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, hasara hiyo huwafikia wengi zaidi, kwa kuwa marejesho ya kikundi kimoja ndiyo mkopo wa kikundi kinachofuata. Chanzo kimojawapo cha kubanduka huko ni unga wa gundi kutowekwa ipasavyo.

Katika njia hii, nembo haichapwi moja kwa moja kwenye kitambaa. Huchapwa kwa skrini juu ya karatasi maalumu, ikiwa imegeuzwa kama ionekanavyo kwenye kioo, kisha huhamishiwa kwenye nguo kwa mashine ya joto. Unga ni chembechembe za plastiki zinazoyeyuka kwa joto hilo na kuushikamanisha wino na nyuzi za kitambaa.

Kwanza, unga hunyunyizwa wino ungali mbichi, kwani wino uliokauka hauushiki. Nembo ikiwa na rangi kadhaa, unga huwekwa juu ya rangi iliyochapwa mwisho, ambayo ndiyo itakayogusa kitambaa. Maandishi membamba huhitaji unga laini zaidi.

Pili, karatasi huinamishwa huku na huku hadi unga uenee kwenye nembo nzima, kisha hukung'utwa. Chembe zinazosalia nje ya nembo huyeyuka juu ya nguo na kuacha madoa. Unga uliokung'utwa hutumika tena, mradi ni safi na mkavu.

Tatu, karatasi hupashwa joto kiasi. Kwa wino wa plastisoli, nyuzi joto 110 hadi 120 za Selsiasi kwa kawaida hutosha. Wino ukiiva kabisa katika hatua hii, hautashika vema kwenye nguo. Ukibaki mbichi, karatasi zitagandana zikipangwa pamoja. Uivaji kamili husubiri mashine ya joto, kwa kiwango na muda ulioelekezwa na mtengenezaji wa wino na unga.

Vumbi la unga halifai kuvutwa puani. Kazi ifanyike mahali penye hewa ya kutosha, mnyunyizaji akivaa barakoa. Unga uhifadhiwe katika chombo kilichofungwa vizuri, kwani unyevu huufanya ugande mabonge.

Kabla ya kuchapa oda nzima, kikundi kibandike nembo moja kwenye kitambaa kilekile cha sare na kukifua mara kadhaa. Gharama ya jaribio hilo ni kipande kimoja cha kitambaa. Gharama ya kuliacha yaweza kuwa oda yote.

Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinavyotaka kuomba mkopo kwa kazi hii vimwone Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata.